Kalisti Hakwenda Uganda

Maganzo, Shinyanga
19 Agosti 1984

Kwa wifi yangu Mama Mbuke,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chato, pamoja na Mbuke na wazazi wako. Sisi huku tunapumua. Mtama haukupatikana sana mwaka huu, pamba tumekwisha kuuza. Mama haoni vizuri lakini anakula.

Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Juma lililopita tulipata mgeni kutoka Nyarugusu, mzee Donatus, mchimba dhahabu. Nilimkaribisha uji. Akatoa kwenye kikapu chake mkanda wa ngozi wenye bizimu ya shaba, ule uliomnunulia Kalisti mnadani mwaka mliooana. Akauliza kama kuna anayeufahamu. Nikafikiri kaka yangu yuko njiani, amemtanguliza mtu. Wifi, hata nilichungulia nje ya ua.

Kaka Makoye aliutazama mara moja tu. Akamwuliza mgeni, "Kwani mmechimba mpaka chini?"

Mzee Donatus akamgeukia, maana alikuwa hajataja shimo lolote.

Ndipo akaeleza kwamba vijana walikuwa wakifukua shimo la zamani lililoporomoka, wakakuta mifupa ya mtu, na mkanda huo kiunoni. Yeye alikumbuka kwamba mwenye shimo alitembelewa na kaka yake kutoka Maganzo, na kwamba huyo kaka ndiye aliyewaaga wachimbaji, akisema mdogo wake ametangulia nyumbani. Sisi huku Makoye alituambia Kalisti amekwenda Uganda na mwanamke.

Unakumbuka tulivyoamini. Baba, kabla ya kufariki, aliacha neno mbele ya wazee kwamba ng'ombe wengi wawe wa Kalisti, kwa kuwa ndiye aliyewachunga na ndiye aliyemwuguza. Makoye alisema amefanywa mgeni katika kaya ya baba yake, naye ni mkubwa. Tangu siku hiyo hakula tena sahani moja na mdogo wake. Kalisti alipokosa kurudi kutoka machimboni, ng'ombe wote wakawa wa Makoye, nawe ukarudishwa kwenu na mtoto mgongoni, watu wakisema umeshindwa kumtunza mume. Mama alimlaani Kalisti.

Wazee waliitwa. Makoye hakukataa. Alizungumza taratibu, huku akichambua majani kwenye shati lake. Alisema alimfuata Kalisti ili ng'ombe wagawanywe upya. Ilikuwa Jumapili, wenzake wamekwenda kusali na wengine kunywa. Kalisti akamjibu kwamba neno la baba hatalibadilisha, akashuka shimoni kuendelea na kazi. Ukingo ukaporomoka. Makoye anasema hakuusukuma, nami katika hilo namsadiki.

Lakini Kalisti hakufa palepale. Alikuwa akimwita kaka yake kwa jina. Makoye alikaa juu ya shimo akimsikia, mpaka sauti ikakoma. Kisha akakung'uta suruali, akaenda kuwaaga wale wachimbaji.

Mzee mmoja alimwuliza kwa nini hakuita watu.

"Nilikuwa nawafikiria ng'ombe," akasema.

Mimi sikulia, wifi. Niliokota bakuli la mgeni nikaliosha, halafu nikaliosha tena. Polisi walipokuja kumchukua Makoye nilimpa koti lake, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na baridi. Sijui nilifanya hivyo kwa nini. Tangu hapo napika, nachota maji, watu wananipa pole nami naitikia. Mama amekaa ameegemea ukuta. Anauliza laana inaondolewaje kwa mtu aliyekwisha kufa.

Wazee wamesema ng'ombe ni wa Mbuke. Najua si ng'ombe unaowataka. Mifupa imehifadhiwa na watu wa kanisa huko Nyarugusu, hatutaizika kabla hujafika. Njoo ukae mbele, mahali pa mjane. Hukuachwa, wifi. Ulifiwa, na hakuna aliyekupa pole.

Mama anakusalimu sana, na majirani wa huku wanakusalimu, hata wale waliokusema. Wasalimie wazee hapo nyumbani. Na Mbuke mwambie, taratibu, kwamba baba yake hakumkimbia.

Ni mimi wifi yako,
Bernadina