Hatua za Leokadia, Sifa za Mumewe

Mpendwa Dada Mwamvua,

Mwidiwe, kama tunavyosalimiana huku Kasulu, naomba msaada wako na naomba sana jina langu lisitajwe kwa sababu mimi ni mwalimu wa sekondari na watu wananiheshimu. Mwezi wa tatu nilianguka na bodaboda kwenye tope nikitoka kazini, mfupa wa chini ya goti ukavunjika, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti, daktari akasema wiki sita mguu usikanyage chini kabisa, nitembee kwa magongo kwenda chooni na kurudi, basi. Sasa dada, kabla ya ajali nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp linaitwa Tutembee Kasulu, tuko watu thelathini na wawili, kila mtu anahesabu hatua zake kwa simu au kwa saa janja kama yangu ya mkononi, na kila jioni tunatuma picha ya hatua za siku hiyo, nami nilikuwa wa kwanza miezi mitano mfululizo, hata mwenyekiti wetu Pasikali hakuwahi kunipita.

Hogo likiwa mguuni saa ilibaki mkononi, kila nikikaa muda mrefu inatetemeka na kunionyesha katuni ya mtu anayeinuka, na siku moja Pasikali akaandika kwenye kundi, "Mwalimu pumzika tu, wazima tunaendelea," maneno yale yakaniuma kuliko mfupa. Wiki ya pili niligundua kwamba nikikaa kwenye kiti na kupunga mkono mbele na nyuma saa inahesabu, nikapunga mpaka bega likavimba, nikapata elfu sita lakini hazikutosha, wiki ya tatu mke wangu Leokadia akiwa shambani nikaanza kuzunguka nyumba kwa kuukanyaga mguu hivyohivyo, siku ya nne hogo likapasuka na eksirei ikaonyesha mfupa umesogea, wakanifunga upya, wiki nane nyingine. Daktari nilimwambia nimeteleza bafuni, na mke wangu nikamwambia vilevile, akalia sana akasema kosa ni lake kwa kutokausha sakafu, nami nikanyamaza.

Hapo ndipo nilipomvalisha Leokadia ile saa, nikamwambia betri yake hufa isipopata joto la mtu anayetembea. Jioni ya siku ya kwanza ikasoma hatua 23,416. Kumbe dada, kisimani mara tatu, shambani, mashineni kusaga, sokoni kuuza maharage, kurudi kunipikia na kuniogesha, zote hizo ni hatua, nikazituma. Kundi likalipuka, "Mwalimu una mguu wa chuma!" wakaniomba niandike ushuhuda, nikaandika kwamba siri ni nidhamu na kutoyaendekeza maumivu. Tatizo dogo ni kwamba saa inapima na usingizi, ikawa inaonyesha masaa manne na nusu tu kila siku, inanishushia alama, nikamwomba awe anaivua anapolala.

Sasa kundini yumo Saady, muuza vitenge, ambaye alipasuliwa goti mwezi wa nne, aliposoma ushuhuda wangu akatupa magongo, goti likavimba na kujaa maji na sasa amelazwa tena. Mkewe Asmahani akakutana na Leokadia sokoni akamwambia, "Mumeo ametuponza, yeye na mfupa uliovunjika anatembea elfu ishirini na tatu, wangu amejaribu elfu nne tu, tazama yaliyompata." Leokadia alirudi nyumbani na kapu la maharage hata hajauza, akaninyooshea mkono wenye saa akauliza, "Hizi hatua ni za nani?" Nikamwambia ni za familia. Akaivua, akaiweka juu ya hogo langu, akampigia dada yangu simu aje kunihudumia, akapanda gari kwenda kwa mama yake Munanila.

Jumamosi ijayo kundi linanipa fulana na cheti mbele za watu, na tangu mke aondoke saa inasoma hatua mia moja na tisa, nimewaambia chaja imeharibika. Nifanye nini mke wangu arudi kabla ya Jumamosi? Na je, ni haki mke kumkimbia mume mgonjwa?

Ni mimi,
Mwenye Maumivu, Kasulu

*

Mwenye Maumivu,

Jina lako umelificha vizuri. La mkeo umeliandika wazi, na la Saady aliyelazwa, na la mkewe pia. Hapo tu nilikuwa nimeshakufahamu vya kutosha, lakini sikutaka kukuhukumu kwa karatasi, ndiyo maana nilikupigia simu Jumatatu, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Wasomaji wajue tulivyozungumza.

Nilikuuliza, "Saady umekwenda kumwona?"

Ukajibu, "Bado dada, mguu huu haunifikishi hospitali."

Nikakwambia, "Lakini mwalimu, si unatembea hatua elfu ishirini na tatu?"

Halafu ukaniuliza kama nimeshapata njia ya kumrudisha Leokadia kabla ya Jumamosi. Nikaomba kuzungumza na dada yako, akanipa namba ya Munanila, na Leokadia nikampata akipalilia shamba la mama yake. Nilimweleza kwamba umeniandikia, nikamsomea barua yako yote. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika pale pa kuteleza bafuni. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kumbe sakafu ilikuwa kavu." Nilipomuuliza kama nilifiche jina lake gazetini, akasema, "Liache. Hatua zangu zimetembea bila jina vya kutosha."

Naomba uelewe kitu ambacho mwalimu mzima hukutakiwa kufundishwa. Saa ile haikukudanganya hata siku moja. Ilikwambia mkeo anatembea kama mtu anayesafiri, kisha analala masaa manne na nusu. Habari hiyo ilikuwa mbele ya macho yako kila asubuhi, na ulichoona ni kwamba inakushushia alama! Mume mwingine angetafuta wa kumsaidia kuteka maji. Wewe ulimwomba avue saa. Halafu unaniuliza haki ya mume mgonjwa. Mgonjwa gani? Ulivunjika mara moja kwa ajali. Mara ya pili ulijivunja mwenyewe kwa sababu Pasikali alikutania.

Kabla gazeti halijachapwa ukanitumia nakala ya ujumbe ulioandika kundini, ukitaka nikupongeze: "Ndugu zangu, kulikuwa na hitilafu ndogo ya saa, takwimu zingine zisizingatiwe." Sikupongezi. Hitilafu ilikuwa juu ya kiti, imenyoosha mguu, inangojea ugali. Futa. Andika hivi, kwa jina lako kamili: "Tangu nilipofungwa hogo la pili, hatua nilizotuma zilikuwa za mke wangu Leokadia. Zangu za hogo la kwanza nilizipata kwa kupunga mkono na kwa kukaidi daktari, nikauvunja mguu upya. Ushuhuda wangu ulikuwa uongo. Mwenye jeraha asinifuate. Cheti msinipe." Utume leo, na usiweke picha za vicheko mwishoni. Watakucheka, ndiyo. Utazoea.

Ukimaliza, mwambie dada yako akutafutie bajaji, uende wodini kwa Saady na magongo yako. Asmahani akikutolea maneno, yapokee. Usimweleze kuhusu nidhamu.

Ukiwa hapohapo hospitali, mwone daktari wako umwambie jinsi hogo lilivyopasuka. Si kwa ajili ya toba, kwa ajili ya mfupa. Anapanga matibabu yako akidhani uliteleza mara moja, wakati wewe uliukanyaga siku nne. Mfupa uliosogea ukiunga vibaya utachechemea maisha yako yote, na hapo hata hatua elfu mbili zitakuwa sherehe.

Saa, ikabidhi kwa dada yako. Sisemi ni mbaya. Hogo likitolewa, mtaalamu wa mazoezi atakwambia leo hatua hamsini, wiki ijayo mia, na hapo itakufaa kukuonya umezidisha. Mtu mwenye jeraha huiwekea kikomo cha juu, na ile kengele ya kumwinua huizima. Na katika kundi utoke mpaka utakapopona, kwa sababu huna akili ya kushindwa na watu wazima.

Leokadia usimfuate wala usimtumie wazee. Mpigie mama yake kwanza, msalimie kama mkwe anavyomsalimia mkwe, umwombe ruhusa ya kuzungumza na binti yake. Akikupa, anza na lile la bafu, hata kama ameshalijua kwangu. Mwanamke yule alijilaumu wiki hizi zote kwa mguu ulioukanyaga mwenyewe. Usimwambie arudi. Mwulize amelalaje huko Munanila, kisha unyamaze mpaka amalize. Tafuta mtu wa kukuletea maji nyumbani, na uwe umempata kabla hujapiga simu hiyo, si baada.

Jumamosi nyoosha mguu juu ya mto na ubaki ndani. Na Leokadia akiamua kukaa kwa mama yake mpaka mavuno, usiniandikie kushtaki. Nitakuwa nimeshamwunga mkono.

Dada Mwamvua