Kisanduku cha Ruhusa

3 Machi

Shikamoo Baba,

Makala yako ya maji ya visima imeondolewa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo leo saa nne asubuhi. Aliyetuambia ni mkuu wa maktaba, mbele ya meza zote sita. Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya kuuliza hali. Goti linaendeleaje? Mama hajambo?

Mchapishaji wa jarida ameandika kwamba makala ni mali yake na hakutoa ruhusa. Kazi yangu unaijua: walimu wananiletea maandishi yao, nahakikisha barua ya mchapishaji imo kwenye faili, naweka alama kwenye kisanduku cha “ruhusa ipo”, ndipo napakia watu wasome bure. Kwako niliweka alama bila kuiona barua. Uliniambia unayo, nikaona aibu kumdai baba yangu ushahidi.

Mkuu amenipa hadi tarehe 31. Nisipoleta karatasi, nahamishiwa stoo ya magazeti na kazi hii anapewa mwingine. Simu hupokei. Tafadhali nitumie hiyo barua.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Kwingine ni mzima. Mama yako anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda. Simu sipokei kwa sababu kwenye simu unanihoji kama polisi. Kwenye karatasi angalau unaniamkia kwanza.

Huyo mchapishaji ana wazimu? Nimepima visima arobaini, nimeonja maji ya chumvi hadi ulimi ukafa ganzi, leo niombe ruhusa ya kusomwa? Kuku naye aombe ruhusa ya kulalia mayai yake! Ulisema watu mia nne na kumi na wawili wameipakua. Ilipokuwa ndani ya jarida waliisoma labda watu tisa, na mmoja wao ni mimi.

Barua ipo. Naitafuta.

Baba yako

13 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijatulia. Nimepitia faili zote sitini na tatu za kitivo chenu. Sitini na mbili zina barua. Moja haina. Mwenzangu wa meza ya pili sasa ananiita “Binti Mheshimiwa”. Nacheka naye, kisha naenda kunawa uso.

Lakini njia ipo. Nimesoma masharti ya mchapishaji mara tatu. Anachokataza ni nakala aliyoichapa yeye, yenye nembo na namba zake za kurasa. Mswada wa mwisho wa mwandishi, ule uliokubaliwa na wahakiki kabla haujapangwa kwa chapa, anauruhusu. Huo hauhitaji barua yoyote. Wewe hutupi hata bahasha iliyochanika, kwa hiyo mswada lazima upo. Utume huo, barua iache.

Msalimie Mama.

Mwanao

20 Machi

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Siku saba, kimya. Mama kaniambia kwa simu kwamba mswada uliupata tangu Jumapili, uko chini ya godoro, na akisogea unamfokea. Chini ya godoro, Baba? Kuna nini humo?

Leo mkuu amemketisha mwenzangu kwenye kiti changu, akamwonyesha jinsi ya kufungua faili zangu. Mimi nilisimama pembeni kama mgeni. Zimebaki siku kumi na moja.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ukali wako nimeupokea, na haki unayo.

Barua haikuwahi kuwepo. Mkataba niliusaini bila kuusoma. Mwaka ule nilikuwa nasaka cheo. Hilo ndilo dogo.

Mswada huu hapa. Tazama ukurasa wa kwanza: majina mawili. La pili ni la fundi wa maabara, yule tuliyemwita Kipimajoto kwa jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka ngazi kutwa. Visima arobaini alipima yeye. Mimi niliandika. Prufu, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, zilipokuja nililikata jina lake kwa kalamu, nikamwambia ni mchapishaji aliyelikata. Alisema, “Haya mwalimu, wakubwa wana mambo yao,” akaendelea kuosha chupa.

Ndiyo maana nilitaka isomwe ile ya chapa. Sasa pakia hii, na jina lake liwepo. Uongo ni wangu; wewe usiende stoo kwa ajili yake.

Baba yako

27 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima. Mswada umefika, kurasa zote kumi na saba. Sijaupakia. Makala ikiwa na waandishi wawili, fomu ya maktaba ya kupakia inasainiwa na wote wawili, na sipakii kitu tena kabla ya kuona sahihi.

Nimempata Kipimajoto. Amestaafu, anatengeneza redio kwenye kibanda nyuma ya soko. Nilimpa ukurasa wa kwanza. Alifuta mikono, akavaa miwani, akalisoma jina lake kwa sauti.

“Kumbe lilifika huko,” alisema. “Sasa nani hasa alilikata, ni mchapishaji kweli?”

Nilimwambia jibu hilo si langu kulitoa.

“Basi aje mwenye nalo. Nikishamsikia, nitajua kama nasaini.”

Nilimuuliza asiposaini itakuwaje. Akasema, “Itakuwa hivyo hivyo, binti, kama ilivyokuwa miaka yote,” akarudi kwenye redio yake.

Tunakutana Jumatatu tarehe 30, saa nne asubuhi, chumba cha mikutano cha maktaba, ghorofa ya kwanza. Yeye amethibitisha. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, uipate jioni. Basi la kwanza kutoka kwenu linaondoka saa kumi na mbili. Chumba nimekiomba kwa watu watatu.

Mwanao