Upande wa Kushoto

Jumatatu, 1 Septemba
Mashine ya kutotolesha, joto sawa. Mayai 264, siku ya nne. Nimeyamulika kwa tochi: 19 hayana kitu, 245 yana moyo. Wangu wa tumboni, wiki ya ishirini na mbili, kanipiga teke.
Mama mkwe kanikuta. "Mja mzito unachungulia viumbe havijazaliwa? Na chako kinachunguliwa!" Mashine nimeunda mwenyewe kwa friji bovu. Ndiyo inayomlisha.

Jumanne, 2
Kliniki. Daktari kakazia macho kioo cha ultrasound, karudia kupima. Nikajua. Moyo wa mtoto upande wa kushoto mdogo. Mapigo 148 kwa dakika. Nirudi nimwone bingwa wa moyo Jumatano ya wiki ijayo.
Mama mkwe: "Nilisema."
Nimemulika yai moja, nikahesabu mapigo. 148. Nikarudia. 148. Nimezima tochi. Gizani bado yanapiga, yote 245, pamoja.

Alhamisi, 4
Siingii tena chumba cha mashine. Naogopa. Binti yangu wa kazi ndiye anayegeuza mayai.
Wifi Mwanahamisi kaja. Anafundisha baiolojia sekondari. Kaja na yai la siku ya tatu kutoka maabara ya shule, kakata kidirisha kwenye ganda. Ndani, moyo: kimrija kilichopinda, kinapiga hata kabla hakijawa moyo. Kasema damu inayopita ndiyo inayoufinyanga. Inaposukuma, panatanuka. Isipofika, panadumaa. Kafunga mshipa mmoja kwa uzi laini, kabandika plasta, kaliweka mashineni.
"Wangu nani kamfunga uzi?"
"Hajulikani, wifi. Ila si tochi. Mama asikutie wazimu."

Jumatatu, 8
Tumefungua yai la wifi. Upande mmoja wa moyo umenywea kama punje. Unapiga vilevile, haujui umepungukiwa.
Wifi kamwita mama yake. Kainama, katazama mpaka shingo ikamchoka. Katoka. Sijafurahi. Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, 10
Bingwa kasema nijifungulie Dar, mtoto apasuliwe moyo siku za mwanzo. Nimeuliza wangapi hupona katika kumi. Nimeuliza mara tatu. Hakutaja namba.
Wifi, niliyekuwa naye, kampigia mama yake simu. Nyumbani nimemkuta mama mkwe sebuleni, begi lake limefungwa, miezi minne kabla ya kujifungua kwangu. Radhi hajaomba. Nikamwambia Dar sina ndugu.
"Mimi ninaye. Dada yangu, anakaa Kigogo. Nimeshampigia, anatandika vitanda viwili."
Nikakaa pembeni yake. Tukanywa chai.