Ile Chati ya Roseline

Annah, aki hii siwezi ngoja nifike Buruburu ndio nikuambie.

Si unakumbuka Roseline, fundi wa umeme hapa kwetu kiwandani, alivyofunga kile kifaa cha kupunguza mwendo wa mota ya feni ya oveni mpaka bili ikashuka? Leo amerudi kutoka likizo ya kujifungua. Miezi mitatu Job, yule kijana Roseline alimfundisha kazi mwenyewe, amekuwa akimtumia picha ya chati ya umeme tunaotumia. Mstari unashuka kila wiki.

Sasa amefungua sanduku la kifaa awaonyeshe wageni waliokuja kukiona. Kifaa kimezimwa. Kimezimwa, Annah. Wamevuta waya ukakipita kando, mota inakimbia mbio zote.

"Tangu lini?" Roseline akamuuliza Job.

"Wiki ile ulijifungua. Kilikwama mara moja, biskuti zikaungua, supavaiza akasema tukiruke."

"Na chati?"

Job akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa nachora tu. Una mtoto mchanga, sikutaka uvunjike moyo."

Nilikuwa nachora tu. Mbele ya wageni.

Na unajua Roseline hakugusa huo waya? Alifunga sanduku polepole.

"Nikikiwasha leo," akasema, "kesho nikienda kunyonyesha watakiruka tena. Kwanza tujue kwa nini kilikwama."