Mume Wangu Anaifunika Sola Isichakae

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi katika jina la Mungu aliye hai. U hali gani, na kile kikohozi ulichokitaja kwenye safu yako kimepoa? Jaribu tangawizi na asali, usidharau. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila roho yangu imechoka, na naomba msaada wako kwa sababu nimekwisha kumwomba Mungu, nikawaomba na wakwe, sasa nimefika kwako.

Mimi ni mama wa makamo, kazi yangu upishi, na mume wangu alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, na moyo wake siku zote ulikuwa majini, basi tukanunua yoti kuukuu ya matanga, tukaikwangua, tukaipaka rangi, na sasa tunabeba wageni wanaotaka kutembezwa, yeye anaongoza mimi napika, na majirani wakampa jina la Kapteni, jina ambalo limemwingia mpaka watoto wakimwita baba haitiki vizuri.

Sasa sikia shida yangu. Mume wangu ni mtu wa kutunza vitu. Alipokuwa na basi, viti vilikaa na nailoni zake za dukani mpaka zikapasuka zenyewe, abiria wakitoka jasho, na makochi yetu nyumbani hadi leo hayajaguswa na mwili wa binadamu. Nilivumilia, maana kochi halizami. Lakini tabia ile ile kaihamishia kwenye yoti, kamba mpya ziko kabatini nyumbani, majaketi ya kuokolea watu yako uvunguni mwa kitanda chetu ndani ya mifuko yake, na sola, mshauri wangu, zile paneli mbili kubwa zilizofungwa juu ya paa la nyuma, kaenda kuzishonea turubai kwa fundi cherehani, lina vifungo na kamba, na kazifunika gubigubi kama maiti. Nikamwuliza, "Baba, sola si inataka jua?" Akanijibu, "Jua ndilo linalochakaza. Wewe nguo yako nyekundu ukiianika kila siku inabaki nyekundu?" Anazifunua wageni wanapokuja gatini kukiangalia chombo, wakishazisifu anazifunika tena.

Basi betri zinategemea injini, na injini yenyewe anaiwasha kututoa gatini tu, tukifika nje anaizima na kupandisha tanga, eti upepo ni wa bure. Betri zinashinda na njaa. Friji ikizimika lawama yangu, "Unaifungua mno hiyo friji, mama, unadhani ni dirisha?" Amebadilisha betri mara mbili, zote zimekufa, na kila zikifa anasema mwenye duka kamuuzia feki.

Safari iliyopita tulimbeba mzee mmoja, mkewe na binti yao mtu mzima. Yoti yetu inapenyeza maji kidogo chini, pale chuma cha propela kinapotokea, na kuna pampu ya umeme ya kuyatoa. Mchana kweupe, jua la kupasua kichwa, nikashuka jikoni nikakanyaga maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sikutaka kuwatia wageni hofu, nikaita taratibu, "Kapteni, hebu njoo uonje mchuzi." Akapaza sauti kutoka kwenye usukani, "Tia chumvi tu!" Nikamwambia, "Njoo uonje mwenyewe!" Alipokuja uso ukambadilika. Pampu kimya. Injini ukiiwasha inatoa kwik, halafu basi. Tukachota maji kwa sufuria yangu kubwa, mimi nachota, yule binti anamwaga, mama yake anaomba kwa sauti, mpaka tanga likatufikisha, na muda wote huo jua linawaka juu ya vichwa vyetu na sola imevaa koti! Tulipofika gatini yule mzee alipiga magoti kwenye saruji akashukuru. Nikaona haya, nikapiga na mimi.

Kesho yake mume wangu alipokwenda kwenye ibada nilibaki nyuma nikazifunua. Mshauri, kile kisanduku cha kuchajia ambacho taa yake ilikuwa nyekundu siku zote kiligeuka kijani, na friji ikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba, nikasema ahsante Mungu. Aliporudi akasimama gatini akafoka, "Nani kaivua nguo sola yangu?" Nikamjibu, "Mimi mkeo." Hakunisemesha kutwa nzima, akalirudisha turubai lake, akaongeza na fundo. Nikamwendea mama mkwe, naye akaniambia, "Mwanangu, chombo kina nahodha mmoja. Wewe angalia sufuria."

Sasa Jumamosi ijayo kakubali kuibeba familia moja, baba, mama na watoto watatu, mdogo bado ananyonya, waende mpaka kisiwani walale huko huko ndani ya yoti. Nikimtajia pampu ananiambia, "Mungu yupo." Ananiambia mimi Mungu yupo, mimi ninayefunga na kuomba betri zijae! Nifanyeje? Nikiwaeleza wale wazazi ukweli nitakuwa nimemwaibisha mume wangu mbele za watu, na kazi yetu ndiyo hiyo moja, nikinyamaza nikapanda nitakuwa nawapikia watu nisiojua kama watarudi kwao, na nikibaki nyumbani atakwenda nao bila mimi. Maji yamenifika shingoni. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi hiyo.

Mimi,
Mpishi wa Yoti

*

Mama Mpishi,

Kikohozi kilikuwa kimepoa, barua yako karibu ikirudishe. Nimeipitisha mbele ya nyingine zote kwa ajili ya huyo anayenyonya.

Pole sana. Mumeo si mtu mbaya. Ni mtu aliyevitolea jasho vitu vyake, na watu wa namna hiyo huogopa kuvitumia. Hata mimi nina vikombe kabatini ambavyo havijawahi kuonja chai. Lakini vikombe vyangu havibebi watoto wa watu.

Kuifunika sola ni sawa na kumwajiri kibarua kisha ukamfungia chumbani asije akachoka. Imetengenezwa ipigwe na jua na mvua mwaka hadi mwaka, hiyo ndiyo kazi yake. Na betri hakuuziwa feki. Betri ikikamuliwa mpaka tone la mwisho, ikaachwa hivyo bila kulishwa, inakufa, na haifufuki. Aache kumsingizia mwenye duka.

Sasa zamu yako, na usikasirike. Unafunga na kuomba betri zijae? Mungu amekwisha kukuwashia jua, tena kila asubuhi, unataka ashuke akufungulie na turubai? Ulilifungua mara moja, ukaona kijani kwa macho yako, mtu akanuna, ukarudi jikoni. Na huo mchuzi nao! Maji yanaingia chomboni, wewe unamwita mtu aonje mchuzi? Siku nyingine piga kelele useme "Maji!" Adabu ina mahali pake, na hapo sipo.

Mama mkwe mheshimu, umpe shikamoo yake, kisha umwambie, "Mama, nahodha ni mmoja kweli, lakini wa kuzama ni wengi."

Zungumza na mumeo leo, usingoje Ijumaa. Akishakula, mkiwa wawili tu, mwambie hupandi, na watoto hao hawapandi, mpaka turubai limetoka na sola inafanya kazi. Majaketi yatoke uvunguni, mifuko ichanwe, kila mtu apimiwe lake, na mtoto asiyepata la kimo chake abaki nchi kavu. Betri apewe fundi azipime zikiwa kazini, maana betri mbovu ukiipima imelala inakudanganya. Pampu iwe na betri yake peke yake, friji isiiguse. Ipatikane na pampu ya mkono, sufuria yako iachwe ipike. Halafu mwageni ndoo mbili za maji chini ya sakafu mkiwa bado gatini, msimame wote wawili mwone kama pampu inayatoa. Isipoyatoa, hakuna safari. Ikiyatoa, waende asubuhi warudi jioni, habari ya kulala kisiwani na kichanga ingoje chombo kizoeleke.

Akikubali, msifu, tena msifu mbele ya mama yake. Akikataa, wapigie wazazi wale simu wewe mwenyewe. Usianze mume wangu hivi, mume wangu vile. Sema chombo hakiko tayari, pampu haifanyi kazi, basi. Huko si kumwaibisha. Aibu ya kweli ni siku atakayosimama gatini anaulizwa watoto wako wapi, na wewe uliyejua umesimama kando yake.

Atanuna. Mwache anune. Mume kununa hakujawahi kuzamisha chombo. Piga moyo konde ukamwambie leo, kisha niandikie upesi.