Somo la Mtunzi Asiyesikia

Jumatatu, 9 Juni
Ukungu tena mpaka saa nne. Chai, mkate, viatu vya matope. Gredi ya Tano nimewaanzishia mtunzi mmoja wa muziki, Mjerumani wa zamani. Nimewawekea muziki wake kwa spika yangu ndogo. Wamecheka vayolini zilipoanza kugombana, kisha wakasikiliza hadi mwisho. Nimefurahi. Jioni sikuwa na wa kumwambia.

Jumatano, 11 Juni
Wakati wa chai walimu wenzangu huongea Kikuyu. Mimi wa Busia natabasamu tu. Mwaka wa pili sasa na bado sishiki neno. Leo Mwalimu Gathoni alinigeukia akasema jambo. Nikatabasamu. Akarudia. Alikuwa anaongea Kiswahili.

Ijumaa, 13 Juni
Hospitali, Nyeri mjini. Daktari kijana, mpole. Masikio yote mawili yanafifia na hayatarudi. Kumbe tatizo si Kikuyu. Mama alipiga simu, nikasingizia mtandao. Naogopa. Mwalimu wa muziki asiyesikia ni wa nini?

Jumanne, 17 Juni
Siku mbaya. Nimewaeleza watoto jinsi mtunzi alivyoanza kupoteza kusikia angali kijana, akaficha, akawakwepa watu kwa aibu. Na bado akatunga. Wangechi, anayeketi nyuma, akauliza kitu. Nikajifanya naandika ubaoni. Akauliza tena, kwa nguvu, darasa likacheka. Nikamfokea, nikamtoa nje.
Gathoni alimkuta huko akilia. Ndiye aliyekuja kuniambia swali la mtoto: "Ati kwa nini hakuambia tu watu?"
Nimelia chooni.

Alhamisi, 19 Juni
Nimewaambia. Kwanza nikamwomba Wangechi msamaha mbele ya wote, kisha nikasema masikio yangu yanakufa. Hakuna aliyecheka. Kamau, wa dawati la mbele, akauliza kama inauma. Hapana, nikasema. Ni upweke tu. Tukaweka muziki tena, sauti juu kabisa, mpaka mwalimu mkuu akaja mlangoni. Akasema kitu. Sikusikia. Safari hii nikamwambia sikusikia.

Jumamosi, 21 Juni
Manyunyu. Nimeenda sokoni Othaya kununua mboga za sukuma na viazi. Nikirudi, mtoto akanipita mbio kutoka nyuma, akageuka, akasimama mbele yangu. Wangechi. Akangoja nimtazame usoni, ndipo akasema, polepole, "Mwalimu, habari ya Jumamosi?"
Nzuri, nikasema. Tukatembea pamoja hadi njia panda. Yeye kwao, mimi kwangu.