Kelvin Alianguka, Nami Nikafungua Mdomo

Jumatatu. Mvua inanyesha Blacktown tangu alfajiri, nami niko nyumbani, siku ya mwisho ya likizo. Kampavani tuliyokodi, lile gari la kulala safarini, tumeirudisha. Nguo za safari bado zina vumbi na sijisikii kuzifua.

Nina uchungu. Nimetafuta neno la adabu zaidi, nimelikosa.

Kelvin ni mtoto wa marehemu dada yangu Rhoda. Nilimchukua Nakuru akiwa na miaka minane, nikamleta hapa Sydney, tukamlea mimi na mume wangu Josphat, kwa sababu sisi hatukujaliwa mtoto. Hakuwahi kuniita mama mdogo. Aliniita mama tu, hata mbele ya watu, na sikuwahi kulizoea neno hilo.

Miaka miwili iliyopita aliacha masomo ya uuguzi akiwa amebakiza mwaka mmoja, akaenda kufanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe huko bara. Siku aliyokuja kuniaga nilikuwa nimetoka kazini, yunifomu bado mwilini. Nilimwambia kwamba mama yake alifanya vizuri kufa mapema, asije akaona haya.

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Alichukua begi lake akatoka, na tangu hapo hatukuzungumza tena. Watu wa kanisani wakiuliza, najibu kwamba anasoma, yuko salama.

Wiki iliyopita tulipanga kwenda baharini, Port Macquarie, mimi na Josphat peke yetu. Kampavani ilikuwa na kitanda na jiko dogo nyuma. Nilibeba unga wa ugali na sukuma ya kutosha. Tulipopita Newcastle, Josphat aliacha barabara ya pwani akakata kushoto. Nilidhani amepotea. Aliendesha karibu nusu saa, kisha, macho yakiwa barabarani, akaniambia kwamba Kelvin anapanda farasi kwenye mashindano ya rodeo alasiri ile, na tunaenda kumwona.

Sikumwambia ageuze. Moyo uliruka kwa furaha, na saa tatu zilizobaki nilizitumia kupanga maneno. Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kuanza na hayo.

Kwenye mlango wa uwanja, mzungu mmoja mzee mwenye kofia pana alimshika Josphat mkono, akamwita Joe, akamuuliza goti lake linaendeleaje. Mimi nilisimama kando na mkoba wangu. Tulipoketi ndipo Josphat akanieleza, polepole, kama daktari anavyompa mgonjwa majibu. Hii ilikuwa mara yake ya nne kuja kumwona Kelvin. Zile wikendi alizokuwa akisema anamsaidia rafiki yake wa mtaa wa Liverpool, hapa Sydney, kujenga banda, alikuwa huku.

Sikupata hata nafasi ya kukasirika vizuri. Jina la Kelvin lilitangazwa.

Farasi wa mchezo huu huchaguliwa kwa sababu hawataki mtu mgongoni. Mpandaji hushika kamba kwa mkono mmoja, ule mwingine unabaki hewani, na anatakiwa akae sekunde nane. Lango la kizimba lilifunguliwa, farasi akatoka akirusha mateke.

Alikuwa mzuri. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Mtoto wa Rhoda, kofia imeshaanguka, mwili unainama na kuinuka pamoja na yule mnyama kana kwamba wamekubaliana jambo, na uso umetulia. Nyumbani kwangu sikuwahi kuuona umetulia hivyo. Kisha farasi akageuka ghafla, na Kelvin akaangukia bega.

Nilikimbia. Josphat alinifuata akichechemea, na yule mzee wa kofia akatuachia tupite hadi nyuma ya vizimba. Kelvin alikuwa ameketi kwenye kreti, mama mmoja wa huduma ya kwanza anamkagua bega, naye anacheka na wenzake. Akaniona. Kicheko kikakatika. Akasimama kwa heshima, kama nilivyomfundisha.

Nilikuwa na maneno ya saa tatu. Nilichosema ni hiki: "Umeridhika sasa? Au ulitaka tukuzike na wewe?"

Wenzake hawajui Kiswahili, lakini sauti waliielewa. Mmoja aliinama akaanza kufunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Kelvin alinijibu kwa Kiswahili, kile Kiswahili nilichokuwa nikimlazimisha kukisema mezani naye akinijibu Kiingereza. "Asante kwa kuja, mama mdogo. Nilimwomba baba asikulete."

Mama mdogo. Na Josphat bado ni baba.

Akaketi tena, akamgeuzia yule mama wa huduma ya kwanza bega lake. Hakuna aliyenifukuza. Nilisimama kidogo, nikaona hakuna anayenihitaji hapo, nikarudi kwenye gari.

Baharini tulifika. Siku tatu nilitazama maji, ugali ukapikwa na Josphat, na mimi sikumaliza sahani hata moja. Jana tukirudi ndipo nilipomuuliza kwa nini alinificha. Hakupandisha sauti. "Alikuwa na furaha," akasema. "Nilijua utaenda na mdomo ule ule. Safari hii nilikuwa na matumaini kwamba nimekosea."

Kinachonichoma ni kwamba hakukosea.

Kazini, kwenye makao ya wazee, nasifiwa kwa upole. Wazee wa watu wananitemea mate, wananiita majina, nami nawapangusa midomo na kuwaambia pole, mpenzi. Upole huo nauacha kwenye kabati pamoja na viatu vya kazi, halafu nakuja nyumbani kwa wale ninaowapenda.

Josphat ametoka. Ameniachia namba mpya ya Kelvin kwenye karatasi mezani, bila neno lolote.

Nitampigia leo. Sitauliza habari za chuo, wala sitamtaja Rhoda kabla sijamwomba Kelvin msamaha kwa nilichosema juu ya mama yake. Nitamwambia pia kwamba nilimwona kabla hajaanguka.

Lakini akipokea, akaniita mama mdogo kwa mara ya pili, nitaweza kweli kunyamaza nikamsikiliza?